Safari ya kwanza na gari-nyumba jipya: dalili, visababishi na pa kuanzia kutafuta

Gari-nyumba la zamani huharibika kwa uchakavu. Jipya lina maradhi yake: nati ambayo haikukazwa, klipu ya mpira wa maji iliyokaa upande, chengachenga za plastiki zilizobaki ndani ya tangi tangu kiwandani, na wenye gari ambao bado hawajajua kifaa gani kinakula nini. Katika safari yetu ya kwanza ya majira ya joto, mimi na mume wangu tuliamini mara tatu ndani ya siku nne kwamba tumeuziwa gari bovu. Mara mbili hapakuwa na kilichoharibika. Mara ya tatu ilikuwa klipu moja, ya kukazwa kwa bisibisi.

Kwa hiyo kabla hamjampigia fundi simu, jiulizeni: kifaa hiki kinakula nini?

Vyakula ni vinne. Kuna umeme wa volti 12 kutoka betri ya nyumba, ambayo siyo ile ya kuwashia injini. Kuna umeme wa nje wa volti 230 au 120, kutegemea nchi mliyopo. Kuna gesi, na kuna maji. Kinachowachanganya wengi ni kwamba baadhi ya vifaa hula viwili kwa mpigo. Hita ya maji huchoma gesi, lakini bodi inayotoa cheche na kufungua vali ya gesi huendeshwa na volti 12. Jiko la kuwashwa kwa kiberiti halihitaji umeme wowote. Basi jiko likiwaka na hita ikakataa, gesi ipo, na shida iko kwenye umeme au kwenye hita yenyewe. Jiko nalo likikataa, anzeni na mtungi. Dakika mbili za majaribio ya namna hii zinaokoa siku nzima ya kufungua makabati.

Bebeni kipima volti cha kawaida, pimamaji fupi kama la fundi mwashi, tochi ya kuvaa kichwani, bisibisi, fyuzi za akiba na chupa ya kunyunyizia yenye maji ya sabuni. Chombo kingine ni mwenzako. Hitilafu nyingi za gari-nyumba zina ncha mbili, moja ndani na nyingine nje au chini ya sakafu, na mtu mmoja hawezi kuwa kwenye ncha zote mbili kwa wakati mmoja.

Taa zinafifia, au asubuhi hakuna kinachowaka

Pimeni betri ya nyumba ikiwa imepumzika: haichajiwi, na hakuna kitu kinachoivuta, kwa saa kadhaa. Betri ya risasi iliyojaa huonyesha karibu volti 12.7. Ikifika 12.2 imebaki nusu hivi. Ikiwa chini ya 12.0, acheni kuitumia mpaka ichajiwe, maana kila ikiachwa katika hali hiyo hupoteza sehemu ya uwezo wake na hairudi tena. Betri ya lithiamu haisomeki kwa njia hii. Hukaa karibu na volti 13.2 kwa sehemu kubwa ya matumizi, kisha hushuka ghafla, kwa hiyo inahitaji mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Ikiwa volti ni nzuri lakini ndani kuna giza, tafuteni swichi kuu. Magari mengi huwa nayo karibu na mlango au kwenye paneli ya kudhibiti, na bega la mtu anayepita linaweza kuibonyeza. Baada ya hapo angalieni fyuzi iliyo jirani na betri.

Ikiwa volti zimeshuka, ulizeni nani alikula usiku. Mshukiwa wa kwanza ni friji ya vyakula vitatu, ile inayotumia gesi, umeme wa nje au volti 12. Ikiwa kwenye volti 12 huvuta zaidi ya ampea 10, na kwa kiwango cha ampea 15 betri ya ampea-saa 100 hupoteza nusu yake kwa saa tatu na kidogo. Ndiyo maana hali hiyo imewekwa kwa ajili ya barabarani tu, na injini ikizimwa relei, yaani swichi inayojiendesha kwa umeme, inatakiwa kuikata. Jaribuni: mmoja azime injini, mwingine asimame mbele ya friji ikiwa kwenye volti 12. Ikiendelea kuvuta, waya umeunganishwa vibaya, na hilo ni la muuzaji kurekebisha chini ya dhamana.

Kuna kisa kingine cha magari mapya ambacho hakikuwepo zamani. Mmeendesha saa nne, mmefika, na betri ya nyumba haijajaa. Injini za kisasa zina alteneta, yaani mashine ya injini ya kuzalisha umeme, inayopunguza volti zake ili kuokoa mafuta, na betri ya kuwashia ikishatosheka, ya nyumba haipati kitu. Dawa yake ni chaja ya betri kwa betri, ambayo hupokea volti hizo pungufu na kuzipandisha. Kujua kama mnayo na inafanya kazi, pimeni kwenye betri ya nyumba injini ikiwa inanguruma. Namba ikipanda kuelekea 14, inachaji. Ikiganda kwenye 12.5 baada ya nusu saa, haichaji, au chaja ipo na fyuzi yake imeungua.

Paneli ya sola juu ya paa nayo huonewa bure. Kivuli cha tawi kikiangukia kona yake moja kinaweza kushusha umeme wake kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Hapo wawili mna uamuzi wa kufanya: kuegesha kivulini mlale kwa ubaridi, au juani mpate umeme. Sisi huchagua kivuli siku za joto kali, kwa sababu friji nayo hupumzika kikiwepo kivuli.

Umeme wa nje unakata kila mara

Zidisheni volti kwa ampea. Kituo kinachotoa ampea 6 kwa volti 230 kinawapa wati 1,380. Birika la umeme la wati 2,000 peke yake limeshapita hapo, na mkiongeza kiyoyozi, swichi lazima iruke. Hapo hakuna hitilafu.

Ikikata wakati hamjawasha kitu kizito, zimeni vyote, rudisheni swichi, kisha mmoja awashe kimoja kimoja huku mwenzake akiangalia paneli na kutaja kwa sauti kinachotokea. Kifaa kinachoirusha ndicho. Ikiruka hata vyote vikiwa vimezimwa, kagueni plagi na kebo kama zimeingiwa na unyevu. Kebo ndefu mnayoibakiza ikiwa imeviringwa kwenye roli yake hupata moto, kwa sababu joto halina pa kutokea, na maganda yake yanaweza kuyeyuka. Ifungueni yote hata kama mnahitaji mita tano tu. Wakati wa kuunganisha anzeni upande wa gari ndipo mwende kwenye nguzo, na wakati wa kuondoka fanyeni kinyume chake, ili pasiwe na mtu anayeshika plagi iliyo wazi yenye umeme.

Friji haipoi

Hii ndiyo iliyotutesa zaidi. Tulifika jioni, tukaegesha kwenye ardhi iliyoonekana sawa machoni, tukaiweka friji kwenye gesi na kulala. Asubuhi chupa za maji zilikuwa na uvuguvugu ule ule. Mume wangu alisikiliza nyuma ya friji akasema, "Haina hata mlio, imekufa." Lakini friji ya aina hii huwa haina mlio. Haina mota. Moto mdogo huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia, amonia hupanda kama mvuke, hupoa na kuwa kimiminika, kisha huteremka kwa uzito wake wenyewe kwenye mabomba yaliyolala kwa mwinamo mdogo. Gari likiinama kupita kiasi, kimiminika hutuama mahali pasipofaa na mzunguko husimama.

Niliweka pimamaji kwenye sakafu ya friji yenyewe, siyo kwenye sakafu ya gari. Kiputo kilikuwa kimekimbilia ukingoni kabisa. Tukarudi kwenye kiti cha dereva, tukapandisha gurudumu moja la nyuma juu ya kabari, kiputo kikasogea katikati, na kufikia jioni friji ilikuwa baridi. Hakuna kilichokuwa kimeharibika.

Kwa hiyo kabla ya kuilaumu friji ya gesi, mambo haya yapite kwanza. Je, imesimama sawa? Je, mmeipa muda? Inahitaji saa nyingi, mara nyingi usiku mzima, na ukiijaza vitu vya moto inaanza upya. Iwasheni siku moja kabla ya safari na muweke vitu vilivyokwisha kupoa. Je, upande wenye matundu yake ya nje unapigwa na jua la alasiri? Joto la nyuma ya friji lisipotoka, ubaridi wa ndani hauji. Geuzeni gari, matundu yaelekee upande usiopigwa na jua. Kama hamwezi kugeuza, fungueni kivuli cha turubai upande huo.

Mlango nao hupimwa kwa karatasi. Ifungieni mlangoni, kisha ivuteni taratibu. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango haugusi sawasawa hapo. Katika gari jipya mara nyingi ni bawaba za kurekebisha, si mpira mbovu.

Kama friji yenu ni ya kompresa, yaani yenye mota, kusimama sawa hakuisumbui kiasi hicho, lakini ina ugonjwa mwingine: inaanza kunguruma, sekunde chache baadaye inakata, inajaribu tena, inakata. Hiyo ni friji inayojilinda dhidi ya volti ndogo. Mmoja apime volti kwenye betri na mwingine kwenye nyaya za nyuma ya friji wakati huo huo inapojaribu kuwaka. Ikiwa betrini mna 12.6 na kwenye friji mna 11.4, njia ndiyo inayonyonya: waya mwembamba, au kiungo kilicholegea.

Pampu ya maji inaita usiku

Pampu ikinguruma mfululizo bila maji kutoka, tangi ni tupu, au vali ya kumwagia maji imeachwa wazi, au pampu inavuta hewa. Fungueni kichujio kidogo kilicho mbele yake. Katika gari jipya ni kawaida kukuta humo chengachenga za plastiki, zilizobaki matundu ya tangi yalipotobolewa. Zisafisheni, na mkirudisha kifuniko kiingie sawa kwenye uzi wake, maana kifuniko kilichokaa upande huingiza hewa na kuwarudisha mlikoanzia. Maji yakitoka kwa kukohoa upande wa moto, hita inajaa. Acheni bomba la maji moto wazi mpaka mkondo utulie. Na mkiona maji yanamwagika chini ya gari kila mnapojaza, angalieni vali ya usalama ya hita. Hufunguka yenyewe kunapokaribia kuganda, na mara nyingine gari hukabidhiwa kwa mnunuzi ikiwa wazi.

Lakini dalili ya kuogopwa ni ndogo kuliko zote hizo. Usiku wetu wa pili, taa zimezimwa, mabomba yamefungwa, pampu ikatoa mngurumo mfupi na kunyamaza. Tukadhani ni mtikisiko tu. Ikarudia. Nikaanza kuangalia saa: dakika kumi na moja, ikaita. Dakika kumi na moja nyingine, ikaita tena.

Pampu hizi huwaka presha ikishuka. Kama hakuna aliyefungua bomba na presha inashuka, kuna njia mbili tu. Ama maji yanarudi tangini kupitia vali ya ndani ya pampu, jambo ambalo halilowanishi kitu, ama yanatokea mahali fulani ndani ya nyumba yenu. Ya pili huozesha ukuta kabla hamjaiona.

Tuliitafuta hivi. Mume wangu alilala sakafuni na tochi, mimi nikachukua karatasi kavu ya chooni, na tukapita kila kiungo kuanzia kwenye pampu, nikikibana kila kimoja kwa karatasi na kuiangalia chini ya mwanga. Karatasi husema kweli kuliko kidole, kwa sababu bomba la maji baridi kwenye joto hutokwa jasho na kidole hudanganyika. Jasho huloanisha karatasi kidogo kidogo mahali pote, mvujo huilowesha papo hapo nukta moja. Nyuma ya ukuta wa bafu, kwenye kiungo cha tisa au cha kumi, tone lilikuwa limening'inia kama shanga, likikua polepole, kisha likadondoka juu ya ubao. Klipu ilikuwa imekaa ukingoni mwa mpira, nusu ndani nusu nje. "Shika hapo hapo usiachie," akaniambia, akaisogeza na kuikaza. Tukazima tochi, tukasikiliza. Zikapita dakika kumi na moja, zikapita ishirini, pampu haikuita.

Mpaka mtakapoipata sehemu inayovuja, zimeni pampu kwa swichi yake kila mnapolala na kila mnapotoka.

Kuna harufu

Harufu ya gesi haitafutiwi kisababishi kwanza. Fungeni mtungi, fungueni milango, msiguse swichi yoyote, tokeni nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni, na ndiyo sababu ya matundu yaliyotobolewa chini ya kabati la mitungi na sehemu nyingine za sakafu. Msiyazibe kwa zulia wala kwa mizigo. Hewa ikishasafika, fungueni mtungi ulio nje na mnyunyizie maji ya sabuni kwenye regulata na viungo vyake. Mapovu yanayokua ndiyo jibu. Mvujo ukiwa kwenye kiungo cha ndani, fungeni mtungi na muachie fundi wa gesi.

Hatari zaidi ni hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu. Dalili yake kwa watu wawili ni hii: mnaumwa kichwa na kusikia kichefuchefu wote kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu. Mmoja akiumwa peke yake huenda ni jua. Mkiumwa wote, zimeni kila kinachowaka, tokeni na mtafute daktari, hata kama king'ora cha ndani kimekaa kimya.

Harufu ya choo siku za joto huja haraka. Mwageni tangi lake hata kabla halijajaa, kila baada ya siku mbili hivi, na msafishe mpira wa kifuniko chake kisha mpake mafuta ya silikoni, siyo mafuta ya mgando ya petroli, ambayo huharibu mpira. Kama harufu inatoka kwenye sinki, maji yaliyo kwenye kona ya bomba yamemwagika njiani kwa kona na matuta, na hewa ya tangi la maji machafu inapanda. Zibeni masinki kwa vifuniko vyake mnapoendesha.

Harufu ya gundi na plastiki mpya ni ya kawaida juani. Pitisheni upepo.

Gari linayumba, au breki zinanuka

Tuanze na uzito, kwa sababu dalili nyingi za barabarani zinatoka hapo. Magari mengi ya aina hii yanayouzwa Ulaya yamesajiliwa kwa uzito wa juu wa kilo 3,500, na baada ya kiwanda kuweka vitu vyake, nafasi iliyobaki kwa abiria na mizigo ni ndogo kuliko wanunuzi wanavyodhani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 ni kilo 100. Piteni kwenye mizani gari likiwa limejaa kila kitu na nyinyi wawili ndani, na mpime ekseli moja moja. Usukani ukiwa mwepesi kuliko kawaida, mzigo umejaa nyuma ya magurudumu ya nyuma na unanyanyua mbele. Sogezeni vitu vizito katikati, chini.

Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla ya kuondoka, kwa namba zilizo kwenye kibandiko cha gari. Presha ikipanda njiani kwa joto msiipunguze. Lori kubwa likiwapita litawasukuma kisha litawavuta. Hiyo ni hewa, shikeni usukani imara bila kuukata.

Kwenye mteremko mrefu, harufu ya kuungua na pedali inayolainika ni onyo la mwisho. Simameni mahali salama, acheni breki zipoe zenyewe, msizimwagie maji, kisha teremkeni kwa gia ndogo mkiachia injini ifanye kazi. Kwenye mpando, mshale wa joto ukipanda, punguzeni mwendo, zimeni kiyoyozi na mfungulie hita ya kabini yote. Ndani kutawaka moto kwa dakika chache, lakini hita hiyo ni rejeta ya pili.

Mnagombana wakati wa kurudi nyuma

Ninaliweka hapa kwa sababu lina dalili na kisababishi kama mengine. Mwelekezaji anasimama nyuma kabisa, dereva hamwoni, sauti inapotelea kwenye injini, kila mmoja anapandisha yake. Kanuni yetu ni moja: dereva asipomwona mwenzake kwenye kioo cha pembeni, anasimama, bila maswali. Na mkono mmoja ulionyooka juu ni "simama", hauna maana nyingine. Mwelekezaji aangalie na juu pia, kwenye matawi, siyo chini tu.

Kuna unyevu ukutani baada ya mvua

Usiku wa ubaridi, watu wawili wakilala ndani, vioo hutoka jasho na maji huchuruzika mpaka kwenye fremu. Yafuteni, fungueni dirisha la darini kidogo, mlale. Yasiporudi, yalikuwa pumzi zenu. Yakirudi mahali pale pale hata mlipolala na hewa ikipita, na hasa baada ya mvua, ni mvujo. Kagueni juu ya hapo: fremu ya dirisha la darini, tundu la waya wa paneli ya sola, skrubu za kivuli cha turubai. Kumbukeni maji huweza kuingia mita mbili mbali na yanapoonekana, yakifuata ubao wa ndani.

Msizibe kwa silikoni wenyewe gari likiwa na dhamana, mtaficha njia ya maji. Pigeni picha ya doa, mchore mpaka wake kwa penseli ili muone kama linakua, na muandike tarehe, mvua ilipiga upande gani, na gari lilikuwa limeinamia wapi. Ndiyo yatakayomwonyesha fundi pa kumwagia maji atakapotaka kuurudisha mvujo ule.